Jifunze Kihispania kwa kuanzia na Baba Yetu: mwongozo kamili kwa Mkristo

Niseme mapema, mimi sio mwalimu wa lugha. Nilianza Kihispania kwa sababu ya kitoto kabisa, nilikuwa nasikiliza nyimbo zao za sifa halafu naimba kwa sauti maneno ambayo siyaelewi hata moja, mpaka siku moja nikajiuliza hivi kweli namwambia Mungu nini hapa? Ndio safari ikaanzia hapo. Nimekosea sana njiani na mengi ya haya ninayoandika nimeyajua kwa kuchelewa, kwa hiyo wewe chukua ufupishe njia.

Kabla ya hatua, swali la kwa nini, maana bila jibu lake utaacha wiki ya tatu. Fungua Warumi 15, mstari wa 24 na wa 28. Paulo anasema mara mbili kwamba anataka kwenda Hispania. Biblia haituambii kama alifika, lakini mzigo alikuwa nao. Leo hiyo lugha iliyokuja kuota huko inazungumzwa na watu karibu milioni 500 kama lugha mama, ni lugha rasmi au ya taifa katika nchi 20, kuanzia Meksiko mpaka Argentina, na Guinea ya Ikweta nayo imo, na ukiongeza Puerto Rico unaona ukubwa wake. Ndugu zetu katika imani huko ni wengi mno, wana mahubiri, wana nyimbo, wana mashahidi waliomwaga damu yao kwa ajili ya imani, na sisi tunapitwa na vyote hivyo kwa sababu tu hatuelewi wanachosema.

Ila kuna upande wa pili na nisingependa uuruke. Kihispania kilivuka bahari pamoja na msalaba NA upanga. Mwaka 1513 watawala wa Hispania walitunga tamko, likiitwa Requerimiento, la kuwasomea wenyeji wa Amerika kwamba wakubali mamlaka ya Kanisa na ya mfalme, wakikataa watapigwa vita. Lilisomwa kwa lugha ambayo wasikilizaji hawakuijua, fikiria hilo! Ni Pentekoste iliyogeuzwa kichwa chini, kule Matendo 2 kila mtu alisikia kwa lugha yake mwenyewe, huku mtu anasomewa hukumu yake kwa lugha asiyoielewa. Miaka miwili kabla yake, Desemba 1511, mtawa mmoja Mdominiko, Antonio de Montesinos, alisimama madhabahuni kisiwani Hispaniola akawauliza walowezi wenzake kuhusu wale wenyeji waliokuwa wanawatumikisha: hawa si watu? Alisema kwa Kihispania hicho hicho. Kwa hiyo lugha ni ile ile, kilichotofautiana ni nani alikuwa tayari kusikiliza.

Ndio maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu sarufi kabisa. Weka nia kwamba mwaka wa kwanza unajifunza ili USIKIE. Ukianza na nia ya kwenda kuhubiria watu utakariri sentensi za kuongea tu, na mtu akikujibu unabaki umekodoa macho.

HATUA YA 1: Matamshi, wiki mbili zinatosha

Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wengi hawajui kama wanayo. Irabu zao ni a e i o u, tano, na zinasomeka karibu kabisa na zetu. Mkazo nao, neno likiishia na irabu, n au s, mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, yaani kama sisi tu: herMAno, iGLEsia. Likiishia konsonanti nyingine mkazo unaenda mwisho: SeÑOR, verDAD. Likivunja kanuni wanakuwekea alama juu ili usihangaike, Jesús, corazón. Basi, umemaliza somo la mkazo.

Herufi za kuangalia ni chache. H haitamkwi, hermano ni "ermano". J ni kama h nzito au kh, kwa hiyo Jesús ni "Hesús". Ñ ni ny yetu ya nyumba. LL kwa wengi ni kama y. QU ni k tu, que ni "ke". V na B sauti moja, vida inasikika "bida". Z Amerika ya Kilatini ni s, sehemu kubwa ya Hispania ni th kama ya thamani. RR ndio ya kutetemesha ulimi, fanya mazoezi ukiwa peke yako kwanza. Soma kwa sauti kila siku dakika kumi, kitu chochote, hata kama huelewi.

Na ile ñ uiheshimu. Año ni mwaka, ano ni sehemu ya mwili ambayo hutaki kuitaja kwenye ushuhuda. Ukisema una miaka 30, hakikisha ny imesikika.

HATUA YA 2: Chagua Biblia, tena chagua mbili

Ya kwanza iwe Reina-Valera ya 1960, maana ndiyo iliyokaa vinywani mwa Waprotestanti wengi wa Kihispania kama ile Biblia ya zamani iliyokaa vinywani mwetu. Ina historia ya kusisimua. Casiodoro de Reina alikuwa mtawa karibu na Sevilla, akakimbia mwaka 1557 baada ya Baraza la Uchunguzi, yaani mahakama ya Kanisa ya kuwahukumu wazushi, kuanza kuwasaka wenye mawazo ya matengenezo ya Kiprotestanti, huko nyuma wakachoma sanamu yake kwa vile mwenyewe hawakumpata, yeye akaendelea kutafsiri uhamishoni mpaka Biblia nzima ikachapwa Basel mwaka 1569. Ukurasa wa mbele una picha ya dubu, watu wakaiita Biblia ya Dubu. Cipriano de Valera akairekebisha, ikatoka 1602, na majina ya hao wawili ndio hadi leo yako kwenye jalada. Kuna mwingine, Julián Hernández, yeye aliingiza Agano Jipya kwa siri Sevilla, akakamatwa, akachomwa moto 1560. Nikikumbuka hayo huwa naona aibu kulalamika kwamba vitenzi vyao ni vigumu.

Ya pili iwe ya lugha nyepesi, Dios Habla Hoy au Nueva Versión Internacional. Sababu ni kwamba Reina-Valera inatumia vosotros, yaani "ninyi" ambayo Amerika ya Kilatini hawaitumii kwenye maongezi kabisa, wao ni ustedes. Ukiongea kwa vosotros kule Lima au Bogotá utasikika kama unasoma Waefeso. Kama wewe ni Mkatoliki, Dios Habla Hoy ina toleo lenye vile vitabu vya deuterokanoni.

HATUA YA 3: Baba Yetu, neno kwa neno

Hii ndio hatua ya maana kuliko zote na nitakaa hapa. Siri yenyewe ni kwamba kitu ulichokikariri tangu utotoni hakihitaji tafsiri, maana tayari iko ndani yako, kwa hiyo akili yote inaenda kwenye lugha.

Padre nuestro que estás en los cielos, santificado sea tu nombre. Venga tu reino. Hágase tu voluntad.

Sasa weka pembeni ya kwetu: jina lako litukuzwe, ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe. Umeona mwisho wa vitenzi vyetu? litukuzwE, ujE, yatimizwE. Hiyo -e ya kuomba na kutamani, ambayo tunaitumia bila kufikiri, Wahispania wanayo pia, wanaiita subjuntivo, na ndiyo inayowatoa jasho wanafunzi wengi duniani. Wewe unayo tayari kichwani. Wao wanageuza irabu: vitenzi vya -ar vinachukua e, vya -er na -ir vinachukua a. Guardar ni kulinda, Dios te guarde ni Mungu akulinde. Venir ni kuja, venga ni uje. Bendecir ni kubariki, Dios te bendiga, Mungu akubariki. Kila unapotaka kusema kitu kwa Kihispania jiulize kwanza, hapa kwa Kiswahili ningemalizia na -e? Mara nyingi jibu litakuvusha, sio mara zote lakini nyingi.

Endelea mbele: no nos metas en tentación. Usitutie majaribuni. Metas hapo ni subjuntivo tena, maana ukimkataza mtu wanatumia umbo hilo hilo, kama sisi tunavyosema "usitutiE". Na dánoslo hoy, utupe leo, ivunje vipande: da ni "toa/pa", nos ni "-tu-", lo ni "hicho". Sisi viambishi tunavipachika mbele ya mzizi, wao kwenye amri wanavining'iniza nyuma kama mabehewa. Ukiielewa dánoslo umeelewa kitu ambacho vitabu vinakipa sura nzima.

Angalizo dogo, maneno ya sala yanapishana kidogo kati ya madhehebu. Wakatoliki wanasali no nos dejes caer en la tentación, usituache tuanguke. Ukisali nao fuata ya kwao, sio wakati wa kubishana matoleo.

Ipe sala hii wiki moja nzima. Iandike kwa mkono, kila asubuhi, bila kuangalia kuanzia siku ya nne.

HATUA YA 4: Ser na estar, kichwa hakitakuuma

Wana vitenzi viwili vya "kuwa" na watu huwa wanalia hapa. Sisi tusilie. Mungu ni upendo: Dios es amor. Hiyo "ni" ndio ser. Halafu Mathayo 28:20, yo estoy con vosotros todos los días, hasta el fin del mundo, mimi nipo pamoja nanyi siku zote. Hiyo "nipo" ndio estar. Kama kwa Kiswahili ungesema ni, tumia ser, kama ungesema -po, -ko, -mo, tumia estar. Itabidi uongeze kwamba estar inabeba pia hali ya muda, estoy cansado, nimechoka, estoy enfermo, naumwa.

Na hebu angalia hasta kwenye mstari huo. Kiswahili cha Biblia kinasema "hata ukamilifu wa dahari". Hasta na hata ni ndugu wa damu, zote zimetoka Kiarabu hatta! Waarabu walikaa Hispania karne nyingi na kwetu nako walikuja kibiashara, ndio maana azúcar na sukari zinafanana. Mesa na meza, bandera na bendera, vino na mvinyo, hizo zetu zilitoka kwa Wareno ambao lugha yao ni jirani wa karibu sana wa Kihispania. Huanzi sifuri, hilo ndilo nataka ulione.

Jinsia za nomino? Sisi wenye ngeli kibao tunaogopa mbili? Kanisa dogo, makanisa madogo: la iglesia pequeña, las iglesias pequeñas. Ni upatanisho tu. Kariri nomino pamoja na el (ya kiume) au la (ya kike) yake, ukikumbuka wakorofi ambao mwisho wa neno unakudanganya, kama la mano (mkono), el día (siku), el problema (tatizo).

HATUA YA 5: Injili ya Yohana, miezi miwili

Sura 21, kila sura siku tatu, jumla siku 63. Siku ya kwanza soma sura kwa Kiswahili halafu kwa Kihispania. Ya pili soma Kihispania tu na pigia mstari maneno matano, MATANO, usiwe na tamaa. Ya tatu isimulie sura kwa maneno yako mwenyewe kwa sauti, hata kama ni sentensi nne mbovu.

Humo utakutana na wakati uliopita wa aina mbili. Yohana 11:35, Jesús lloró, Yesu akalia machozi, tukio limetokea limeisha. Kisha Yohana 20:11, Mariamu yuko kaburini, mientras lloraba, alipokuwa akilia, kilio kinaendelea na mambo mengine yanatokea katikati yake. Lloró na lloraba. Kila nikikwama kuchagua kati ya hizo mbili nawakumbuka Yesu pale kwa Lazaro na Mariamu pale kaburini, na huwa napata jibu haraka kuliko kwa jedwali lolote.

HATUA YA 6: Masikio

Soma sura, halafu sikiliza sura hiyo hiyo ikisomwa, intaneti imejaa Biblia za sauti za Kihispania za bure. Kisha fanya huu mchezo: sauti ikisoma na wewe soma nayo ukiwa nyuma yake kidogo tu, kama mtu anayefuata nyimbo asiyoijua vizuri. Utajiona mjinga siku tatu za kwanza, vumilia. Chagua lafudhi moja ukae nayo miezi sita, ya Meksiko au Kolombia watu wengi wanaona inaeleweka upesi, ya Chile achia baadaye kwa kweli.

Ukishafika mahali pa kuelewa nusu, tafuta rekodi za mahubiri ya Óscar Romero, askofu mkuu wa San Salvador, mji mkuu wa El Salvador. Yalikuwa yanarushwa redioni na watu wakisikiliza nchi nzima, anataja waliouawa na waliopotea wiki hiyo, kisha anarudi kwenye Injili. Alipigwa risasi akiadhimisha misa tarehe 24 Machi 1980, akatangazwa mtakatifu 2018. Kuisoma tafsiri yake ni kitu kimoja, kuisikia sauti yenyewe ikitetema ni kitu kingine kabisa, na hapo ndipo nilipojua kwa nini nilisumbuka na hii lugha.

HATUA YA 7: Omba kwa Kihispania, mapema kuliko unavyodhani

Usisubiri uwe fasaha. Mungu hatakusahihisha sarufi, hakuna mtu wa kufanyia mazoezi aliye mpole kama huyo. Anza na vianzio vinne: Señor, te doy gracias por... (Bwana, nakushukuru kwa...), te pido por... (nakuomba kwa ajili ya...), perdóname por... (nisamehe kwa...), ayúdame a... (nisaidie ku...). Malizia en el nombre de Jesús, amén, katika jina la Yesu. Hapo utajifunza na tofauti ya por na para bila kuchoka, te pido por mi madre, naomba kwa ajili ya mama yangu, te pido fuerzas para perdonar, naomba nguvu ili nisamehe.

Maneno mengine ni ibada yenyewe. Gracia ni neema, gracias ni asante, mzizi mmoja. Esperar ni kusubiri na pia kutumaini, soma Isaya 40:31 kwa Kihispania uone, los que esperan a Jehová, wao wamngojeao Bwana, hujui kama wanangoja au wanatumaini, na ukikaa nalo utaona labda ni kitu kimoja.

Sasa nikupe aibu yangu. Nilikuwa kwenye kikundi cha maombi mtandaoni, nimepewa nafasi, nikaomba kwa hisia zote Mungu anisamehe mis pescados. Kimya. Pecado ni dhambi, pescado ni samaki. Nilikuwa naomba msamaha wa samaki wangu! Mama mmoja mtu mzima akasema taratibu amén, hermano, los pecados también, yaani na dhambi pia. Tangu hapo Luka 5 nimeielewa upya, pale Petro pescador, mvuvi, mashua imejaa samaki, anaanguka magotini anasema soy hombre pecador, mimi ni mtu mwenye dhambi. Herufi moja tu kati ya kazi yake na kilio chake.

HATUA YA 8: Watu

Tafuta mtu mmoja au kikundi cha kubadilishana lugha, nusu saa Kiswahili au lugha nyingine anayoitaka, nusu saa Kihispania. Kuwa mkweli tangu mwanzo kwamba unataka lugha na udugu, usimfanye mtu chambo. Na anayeanza kuomba hela wiki ya pili, achana naye kwa heshima.

Mkubwa kwako, mchungaji, padri, usiyemjua: mwite usted. Rafiki ni tú, na Argentina utasikia vos. Mungu, kwa mshangao wa wengi, ni tú, ile ya karibu kabisa, angalia tena que estás kwenye Baba Yetu. Salamu ya kanisani kwa wapentekoste wengi ni Dios le bendiga, hermano, itumie bila woga. Kuwa makini na coger, Hispania ni kuchukua tu, Meksiko na Argentina ni tusi la chumbani, sema tomar uwe salama popote. Pia mtu wa Amerika ya Kilatini akikwambia soy cristiano mara nyingi anamaanisha ni mlokole sio Mkatoliki, usianze kubishana naye kwamba Wakatoliki nao ni Wakristo, elewa tu anachosema. Na usidhani kila mtu huko Kihispania ndio lugha yake ya moyoni, kuna mamilioni wanaosali kwa Kikechua, Kiguarani na lugha za Kimaya, ukikutana nao muulize wanasemaje "Mungu" kwao, utaona uso unavyobadilika.

Ukifika siku ya kuombwa utafsiri kwa ajili ya mgeni, na siku hiyo inakuja mapema kuliko ulivyojiandaa, mambo matatu: tafsiri kwa "mimi" kama anavyosema yeye, sio "anasema kwamba", omba mistari yake usiku uliopita uisome kwenye Biblia zote mbili, na usichoelewa usikibuni, mgeukie tu mbele za watu umwambie perdón, ¿puede repetir? Yaani samahani, unaweza kurudia? Atarudia. Kanisa litasubiri.